Anti, bado hatujapewa jina la ugonjwa

Anti,

Jumapili uliniuliza mbele ya watu: "Miezi minne ya hospitali na bado hamjui mtoto anaugua nini?" Nilinyamaza kwa heshima, nikakuongezea chai. Acha nikujibu hapa, maana najua si sisi peke yetu.

Tulianza na tumbo. Kliniki ya kwanza, pale karibu na steji, wakampima damu wakasema taifodi. (Hii Nairobi nani hajawahi kuambiwa ana taifodi?) Ya pili wakasema amiba. Ya tatu, vidonda vya tumbo. Dawa zikaisha, tumbo likabaki, na kijana akaacha mpira. Hakuna aliyemuuliza kama analala usiku. Hata mimi sikumuuliza.

Kisha zikaja hasira. Wewe ukasema ni umri, mwalimu akasema utundu, baba yake akasema bangi. Hapo ndipo penye kazi. Kijana wa miaka 15 anaweza kuwa na sonona, ile wanayoita depression, bila kuonyesha huzuni hata kidogo; yeye anafoka tu na kubamiza mlango. Na kijana asiye na ugonjwa wowote naye anabamiza mlango! Kwa hiyo daktari tuliye naye sasa anatazama kilichobadilika: kimedumu zaidi ya wiki mbili? Kipo shuleni kama kilivyo nyumbani? Akaagiza pia vipimo vya mkojo na vya tezi ya shingo, maana tezi ikiharibika mtu hubadilika tabia.

Akaniomba nitoke nje. Niliudhika, mtoto ni wangu. Sijui walizungumza nini, ila njiani kurudi aliomba chipsi, na alikuwa hajaomba chakula kwa wiki nzima.

Nilipoitwa ndani, daktari aliniuliza kama katika ukoo kuna mtu aliyewahi kukaa siku nyingi bila usingizi, akigawa pesa ovyo na kuongea bila kupumua, halafu akalala kitandani miezi. Nikasema hakuna.

Anti, nilidanganya. Mjomba tuliyeambiwa amerogwa, wewe ndiwe uliyemuuguza. Kama ilikuwa baipola, ugonjwa wa akili unaompandisha mtu hivyo kisha kumshusha, na mtoto naye anayo, akipewa dawa za sonona pekee zinaweza kumpandisha huko huko. Ndiyo maana daktari hana haraka ya kutaja jina.

Kliniki ni Alhamisi, saa mbili asubuhi. Nikupitie?