Taarifa ya Mwaka 2024 ya Mwenyekiti kwa Wanachama

Ndugu wanachama wa chama chetu cha astronomia,

Shughuli za kawaida mnazifahamu. Tulitembelea shule 3, tukakesha mara 4 kutazama Zohali na Mshtarii, mihadhara ikawa 5. Tupo wanachama 41, waliolipa ada ni 17, makusanyo Sh 1,020,000.

Nije kwenye jambo lililozua maneno: kompyuta ya kuchakata data za anga, tuliyoinunua badala ya darubini mpya. Imesemwa kwamba fedha za darubini mpya zililiwa, na kwamba mwenyekiti aliamua peke yake. Kura ya kununua kompyuta ilipigwa 24 Februari. Akidi ni watu 8, tulikuwa 9, na wanaolalamika leo hakuna hata mmoja aliyefika siku ile. Daftari la mahudhurio lipo kwa katibu.

Darubini ingetuonyesha vilevile tunavyovijua. Mimi nilitaka tuone mahali sayari zinapozaliwa, kwenye diski za gesi na vumbi zinazozunguka nyota changa. ALMA, darubini ya redio yenye antena 66 kwenye uwanda wa Chajnantor nchini Chile, mita 5,000 juu ya usawa wa bahari, huziweka data zake wazi kwa kila mtu muda wa watafiti wake kuzitumia peke yao ukiisha. Tatizo ni hewa. Mvuke wa maji ulio angani, ambao ukiwa maji ungefikia kina cha milimita 1 tu huchelewesha wimbi la redio kana kwamba njia yake imeongezeka milimita 6 na zaidi, ilhali wimbi lenyewe lina urefu wa milimita 1.3. Isitoshe, mvuke haulingani juu ya antena zilizotawanyika hadi kilomita 15. Kwa hiyo kila antena ya mita 12 ina radiometa inayopima mvuke huo kwenye gigahezi 183, na kila baada ya muda mfupi antena zote hugeuzwa kwenye kwasari (kiini king'aacho cha galaksi ya mbali sana) inayoonekana jirani, kupata kipimo cha kulinganishia. Kosa linalobaki husahihishwa kwa kutumia mawimbi ya diski yenyewe.

Hatua hiyo ya mwisho tuliifanya wenyewe, kwa diski ya nyota changa HL Tau, iliyo umbali wa miaka ya nuru 450 hivi. Nilikaa na vijana wawili hadi saa tisa usiku. Picha ya kwanza ilikuwa na pete zilizofifia na madoa pembeni, kama khanga iliyochuja rangi. Tuliporudia mara ya tatu madoa yakapungua, na mapengo meusi katikati ya pete yakajitokeza. Kijana mmoja aliinuka kitini akasogea mpaka pua ikakaribia kugusa kioo.

Nimeambiwa picha hiyo ilikwishatolewa tangu Novemba 2014. Kweli, lakini ile walitengeneza wenzetu wa ALMA. Hii ni kazi ya mikono yetu, na kila hatua tunaweza kuieleza.

Nilipoionyesha mwezi Juni walifika watu 6, watatu wakiwa wanakamati. Niseme wazi kwamba niliumia. Wanachama 24 hawajalipa ada, na baadhi yao ndio wanaodai darubini. Itanunuliwa kwa fedha gani?

Mwakani tunatarajia, hali ikiruhusu, kujaribu baadhi ya diski 20 za DSHARP, mradi wa ALMA wa kupiga picha diski kama hizi. Darubini nayo itafikiriwa ada zikiingia.

Kompyuta ipo ofisi ya chama, haijawahi kulala nyumbani kwangu. Anayetaka kuiona picha aje Jumamosi, saa nne asubuhi. Nitakuwepo.

Mwenyekiti