"Kujifanya" si neno la mwandishi wa habari

Mhariri,

Wanaokosoa habari zenu juu ya watu waliobadili jinsia huanza na matusi. Matusi huonekana upesi na hufutika upesi, na yakishafutwa habari inabaki na upendeleo uleule. Uchanganuzi wa usemi (kutazama namna sentensi zinavyomweka mtu) kwa jicho la kifeministi huuliza jengine: nani katenda, nani katendwa, nani kapewa nafasi ya kusema.

Wazungu wanagombania viwakilishi, mtu aitwe "he" au "she". Kwetu "yeye" ni mmoja, na ile a- ya "alikuja" haiulizi mtu kavaa kanzu au buibui. Jinsia yetu imekaa kwengine, kwenye vitenzi na nomino: mume huoa, mke huolewa. Anayepima magazeti ya Unguja kwa viwakilishi atatoka patupu.

Chukua sentensi ya mfano: "Mwanamme aliyejifanya mwanamke alipigwa Darajani." "Kujifanya" kumeshamhukumu kuwa ni mwongo, hata "inadaiwa" hakuna. Kisha -w- ya "alipigwa" imemfuta mpigaji. Andika "Vijana watatu walimpiga mtu Darajani", na msomaji ataacha kuuliza habari za nguo, ataulizia vijana.

Anayetaka kuchanganua magazeti namna hii, habari ishirini zinatosha kuanzia. Chora safu: vitenzi anavyopewa aliyebadili jinsia, vitenzi vya kutendwa visivyo na mtenda, na waliohojiwa. Tazama kama ni polisi, sheha na jirani tu, mwenyewe hayumo. Ongeza safu ya kazi na mtaa. Kimberlé Crenshaw, mtaalamu wa sheria wa Marekani, alionesha mwaka 1989 kwamba mwanamke mweusi Marekani huumizwa pale ubaguzi wa rangi na wa jinsia unapokutana, na sheria inayotazama ubaguzi mmoja mmoja haimwoni. Kwetu nako, aliyebadili jinsia akiwa mchuuzi wa chipsi na akiwa mwenye duka la nguo hawaandikwi sawa.

Kosa la wanafunzi wengi ni kuhesabu maneno bila kusoma sentensi. "Kujifanya" ndani ya alama za kunukuu ni la jirani. Likipanda kwenye kichwa cha habari bila alama, ni lenu.

Na msichanganye. Khuntha, aliyezaliwa na viungo vya kike na vya kiume au visivyo wazi, ni suala la maumbile, na fiqhi ina hukumu zake katika mirathi. Shoga, kwa bibi zetu, ni rafiki wa mwanamke kwa mwanamke (neno zuri, tumeliharibu). Aliyebadili jinsia si huyu wala yule, na gazeti likimwita kwa jina lolote kati ya hayo, limekosea habari yenyewe.

Mwalimu wa Kiswahili,
Mwanakwerekwe, Unguja