Chuma cha nyonga ya Mama

Langoni, Lamu

Shoga yangu Zuhura,

Assalaam aleikum. Ujumbe wako nimeupata. Mpe Mama pole nyingi, namuombea shifaa. Sasa hilo la chuma: unaniuliza Mama akibadilishwa nyonga atiwe chuma gani ndani ya paja, kinachoshikizwa kwa saruji ya hospitali au kisichotiwa.

Shemeji anang'ang'ania kisichotiwa saruji kwa kuwa ndicho cha kisasa. Mimi kwa Mama sikitaki. Kile hupigwa nyundo mpaka kibane ndani ya mfupa wa paja, kisha mfupa wenyewe uote juu yake ukishike. Mtu wa makamo mwenye mifupa migumu kinamfaa sana. Chuma kimoja cha namna hiyo, Corail ya Ufaransa, iliyopakwa madini kama ya mfupa, inatumika tangu 1986. Lakini Mama ana miaka 78, na juzi tu kateleza uani akavunjika kiwiko cha mkono. Mfupa dhaifu hivyo ukigongewa chuma huweza kupasuka papo hapo mezani, au baadaye akijikwaa.

Ningemtakia cha saruji, mfano wa Exeter, kilichoanza Uingereza mwaka 1970. Ni chembamba kuelekea chini, na kimesuguliwa kikang'aa. Mtu akikanyaga, chuma huzama kidogo mno ndani ya saruji, milimita moja hivi, na kadiri kinavyozama ndivyo kinavyokaza, kama kabari. Waliokiunda waliwahi kukiondolea ule mng'ao, vikaanza kulegea zaidi, ikabidi waurudishe! Kwa hiyo, shoga, upya wa chuma usikubabaishe.

Saruji nayo ina hatari yake, sikufichi. Inaposhindiliwa ndani ya mfupa, presha huweza kushuka ghafla. Mama ana ugonjwa wa moyo, basi daktari wa nusukaputi aambiwe mapema, tena umwambie wewe mwenyewe, usingoje aulize. Na yule mpasuaji muulize bila haya: chuma gani amezoea kukitia? Akiwa na sababu ya kuchagua kingine, akueleze mpaka uelewe.

Akitoka hospitali asikimbilie Lamu. Ngazi za nyumba yao unazijua zilivyo wima, na kushuka gatini Mokowe kuingia botini si kazi ya nyonga mpya. Abaki kwako Malindi, aswali kitini, na choo mkiwekee kiti cha juu kabla hajafika hapo kwako.

Ukishaonana na daktari nipigie, hata iwe usiku.

Nduguyo,
Mwanakheri