Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama wa chama chetu cha sinema hapa Berlin,

Vikao vinne vilifanyika, mihtasari mnayo. Rambirambi zilipelekwa. Maonyesho ya watoto yaliendelea kama kawaida.

Nije kwenye lile lililoleta maneno: onyesho la "Lola Montez, die Tänzerin des Königs" (yaani mcheza dansi wa mfalme), filamu bubu ya mwaka 1922 aliyoiongoza Willi Wolff, mkewe Ellen Richter akiwa ndiye Lola. Inasemwa kwamba Mwenyekiti alirefusha filamu makusudi ili ukumbi ulipiwe saa za ziada. Kasi ya picha 18 kwa sekunde niliipanga mimi, na sababu zake ni hizi. Kamera za enzi ile zilizungushwa kwa mkono, polepole kuliko za filamu za sauti. Ukiuendesha mkanda kwa picha 24, kasi ya filamu za sauti, dansi ya dakika 3 inakwisha kwa dakika 2 na robo, na mwanamke aliyempagawisha Mfalme Ludwig wa Kwanza wa Bavaria anarukaruka kama kuku aliyekanyaga kaa la moto. Mkanda wa mita 300 unachukua dakika 10 na sekunde 56 kwa picha 24. Kwa picha 18 ni dakika 14 na sekunde 35. Hesabu hiyo haikutungwa na Mwenyekiti.

Wengine walilalamikia giza. Ni kweli. Shata, yaani kile kifaa cha projekta kinachozunguka na kukatakata mwanga, likiwa la mapanga mawili kwa kasi ile linamulika mara 36 tu kwa sekunde, na macho yanaumia. Tukafunga la mapanga matatu, ikawa mara 54: kupepesa kukaisha, mwanga ukapungua. Dawa yake ni kusogeza projekta karibu ili picha iwe ndogo, nami nililisema mapema. Bati la tundu la mwanga nalo nililibadilisha mwenyewe, kwani lile la filamu za sauti hukata picha juu, chini na ubavuni. Filamu ya mcheza dansi isiyoonyesha miguu ni ya nini?

Fedha: ukumbi na mkanda euro 640, mpiga piano 150, jumla 790. Viingilio 55 vya euro 7 vilileta 385. Pengo la 405 lilizibwa na ada. Na ada yenyewe! Kati ya wanachama 41 wamelipa 17, yaani euro 510. Tunadai 720, na kwenye akaunti zimebaki 105. Katika wale 55, wanachama walikuwa 9. Waliopiga kelele zaidi kwenye kundi la simu sikuwaona ukumbini.

Mwakani, Mungu akipenda, tutatafuta filamu nyingine ya aina hiyo, na huenda tukapata mfadhili. Mweka hazina yuko mlangoni na kitabu cha risiti.

Mwenyekiti