Dola 18 kwa glavu isiyofunika hata vidole?

Baba mmoja (huku tunasema papa) aliegemeza kinga yake (ndivyo tunavyoita baiskeli hapa Lubumbashi) nje ya duka letu la Kampemba, magunia mawili ya makaa yakiwa bado yamefungwa nyuma. Alikuwa ametoka upande wa barabara ya Kasenga tangu usiku. Akaingia huku akikunja na kukunjua vidole, akashika glavu ya baiskeli, akaigeuza, akauliza bei. Nikamwambia dola 18.

“Mama, dola 18 kwa kitu ambacho hata vidole hakifuniki? Sokoni ninapata za mgodini, ngozi tupu, kwa dola tatu!”

Swali hilo tunaulizwa karibu kila siku. Nikachukua mkasi na glavu moja mbovu, nikaifumua mbele yake.

Kwenye meza vikabaki vipande 19, vya mkono mmoja tu. Kiganja cha ngozi ya bandia, mgongo wa kitambaa cha kuvutika, vitambaa vyembamba vya kati ya vidole, kipande cha taulo kwenye kidole gumba cha kufutia jasho, sponji tatu, velkro, utepe wa ukingoni. Glavu ya mgodini ina vipande vichache, vya ngozi nene, na mishono yake mingi imenyooka. Fundi anaimaliza haraka. Ukishika nayo usukani, mshono unakuuma kiganjani na breki huisikii vizuri.

Glavu zetu zinashonwa Sialkot, Pakistani, mji unaojulikana pia kwa mipira ya miguu. Kila kipande kinakatwa kwa kisu cha chuma kilichokunjwa kufuata umbo lake, mashine ikikigandamiza juu ya kitambaa. Kila saizi ina visu vyake, na kiwanda kinavilipia kabla ya kuuza hata jozi moja; ndiyo sababu ukiagiza jozi chache hawakupunguzii. Ngozi halisi ina taabu yake: haivutiki sawasawa pande zote. Mkataji lazima aiweke ili ivutike kwa upana wa mkono. Akikosea, baada ya mwezi glavu inakuwa ndefu kama soksi.

Lakini pesa nyingi huliwa na cherehani. Tazama pale kidole gumba kinapokutana na kiganja. Sindano inazunguka kona ndogo kuliko kizibo cha chupa, kitambaa cha kuvutika upande huu, ngozi isiyovutika sana upande ule. Hapo cherehani haijiongozi yenyewe, ni mkono wa fundi. Kisha glavu iliyoshonwa ndani nje inageuzwa na kuvalishwa mkono wa chuma wenye moto ili inyooke.

Kona hiyo ndiyo iliyotutia hasara. Msimu wa mvua uliopita tulichukua jozi 40 za bei nafuu kwa muuzaji mwingine. Kwa macho zilifanana na hizi. Jozi 27 zilirudi, zote zimepasuka palepale, mshono mmoja wa uzi dhaifu. Ile niliyoifumua ilikuwa mojawapo.

Na zile sponji? Papa alisema kidole kidogo na jirani yake vinakufa ganzi. Kuna mshipa wa fahamu unaopita chini ya kiganja upande huo, na uzito wa mwili ukiulalia usukani, unabanwa. Sponji nzuri inakaa pembeni mwa njia ya mshipa ili kuuondolea mzigo. Wateja wengi hupenda jeli nene, wakidhani ni bora zaidi. Mimi siipendi: inajikunja kiganjani, na unalipia zaidi.

Kisha safari. Meli mpaka Dar es Salaam, halafu lori karibu kilomita 2,000 kupitia Zambia hadi huku. Hatujazi kontena, kwa hiyo tunachangia na wengine na kusubiri wote wawe tayari. Mpakani kuna ushuru, na TVA (kodi ya ongezeko la thamani) ya asilimia 16 inapigwa juu ya bei ambayo ushuru umeshaongezwa.

Papa hakununua siku ile. Usukani wake ulikuwa chini mno, tukaupandisha bure, nikamwambia awe anabadilisha mahali pa kushika njiani, na ganzi ikiendelea hata akiwa amepumzika, aende kwa daktari. Alirudi Jumamosi na dola 10. Nyingine atamalizia kidogo kidogo.

Glavu ya kwetu ikifumuka kidole gumba, ilete, tunaishona bila malipo. Ifue kwa maji baridi, usiianike juani. Saizi ndogo na kubwa zipo. Ya kati imekwisha. Mzigo wake, kwa habari ya jana, umelala Kasumbalesa, mpakani na Zambia.