Barua ya wazi kwa Mheshimiwa aliyetuahidi majiko

Mheshimiwa, asalaam aleikum. Heshima yako iko palepale ila leo nimeshindwa kunyamaza.

Ijumaa alfajiri mvua ilikuwa inapiga hapa Maweni, nikaliingiza jiko la makaa ndani nikaange mahamri ya kuuza, mlango nikaurudisha sababu ya upepo. Binti yangu wa miaka 9 kalala kando. Namwamsha aende madrasa haamki, shingo imelegea, nikamburura mpaka nje akatapika mpaka nyongo. Hospitali wakaniambia ni hewa ya makaa, kaboni monoksaidi, haina harufu wala rangi. Na mie miaka yote naogopa moshi wa kuni tu, makaa yakishakolea najua nishapona.

Sasa nikukumbushe. Wakati wa kampeni ulisimama uwanjani ukainua jiko la bati lenye udongo ndani, ukasema kila nyumba inayopikia mafiga itapata moja. Tukaandikwa majina, kopi za vitambulisho tukalipa wenyewe shilingi kumi kumi. Ramadhani mbili zimepita. Nikiuliza naambiwa subiri, labda yako stoo yanaota kutu, labda wamegawiana, sijui.

Na si kitu kigeni, majiko hayo yanatengenezwa hapahapa Kenya tangu miaka ya 1980, ule udongo unashika joto lisitoroke kwenye bati. Kwenye mafiga moto mwingi unachukuliwa na upepo, unaofika kwenye sufuria haufiki hata robo, nyingine yote ni kuni zangu na macho yangu. Makaa nayo, kilo moja inakula kuni kilo tano au zaidi kule yanakochomwa, sasa huo msitu utabaki? Shirika la Afya Duniani linasema mwaka 2020 watu milioni 3.2 walikufa kwa moshi wa majumbani, mwanangu kidogo aingie kwenye hesabu hiyo.

Najua hata jiko zuri ukijifungia nalo ndani hewa ile inatoka. Basi mbona siku ile hakuna aliyetwambia? Mlete na mtu wa kutufundisha, nyumba kwa nyumba, lakini jiko lije. Jiko tu Mheshimiwa, lile uliloliinua kwa mkono wako. Jina langu liko kwenye orodha.

Mahamri sasa nakaangia nje, mvua ikinyesha siuzi.

Mama wa Maweni, Malindi