Masufuria ya Afande yasikodishwe misibani: barua kwa vijana wa mtaa wetu, Ujiji

Wanangu na wajukuu zangu,

Asalaam aleikum, na nyinyi wa kanisani nawasalimu kwa amani.

Arobaini ya Afande, mpishi wetu wa misiba na harusi hapa mtaani, imepita. Nimesikia mliyokubaliana baada ya dua: kaburi litiwe vigae, fulana zenye picha yake zichapwe, na fedha za kazi hiyo zipatikane kwa kuyakodisha masufuria yake. Hata bei ya kila sufuria imeshatajwa. Najua mmefanya kwa mapenzi. Kaburi na fulana siwakatazi. La masufuria nawaomba mlirudie upya, na mimi bibi yenu nina haki ya kulisemea, maana nimekaa naye mekoni miaka mingi kuliko yeyote aliye hai mtaani hapa.

Wengi wenu mlimkuta mzee tayari. Alikwenda vitani angali kijana, mwishoni mwa 1978, baada ya majeshi ya Idi Amin kuingia Kagera, akapangwa jikoni. Kampala ilipoanguka tarehe 11 Aprili 1979, yeye alikuwa nyuma na masufuria yake ya maharage. Mlipomuuliza habari za vita aliwaeleza habari za kuni mbichi, jinsi moshi wake unavyomwonyesha adui mlipo, ndiyo maana walipika usiku na kulipokucha moto ulikuwa umeshazimwa. Mimi aliwahi kuniambia jingine, mara moja tu, tukiwa tunachambua mchele. Alisema mpishi hujua mapema kwamba kuna watu hawakurudi, kwa sababu chakula alichopika kinabaki. Basi mlipomsikia kila shughuli, sufuria lina ukoko tu, bado anazunguka akiuliza “Nani hajala?”, lile swali alitoka nalo huko.

Alirudi nchi imechoka. Sukari kwa foleni, sabuni kwa foleni, mafuta ya kupikia hayaonekani dukani. Sisi wa Kigoma Mungu alituachia michikichi: mawese tukapikia, na kwa mawese hayo hayo tukachemsha sabuni. Katika siku hizo kulitokea msiba mtaani kwetu, waombolezaji wakalala na njaa. Unga ulikuwapo. Chombo cha kusongea ugali wa watu wengi kiasi kile ndicho kilichokosekana, na nyumba walikokwenda kuazima wakaambiwa waweke fedha kwanza. Mfiwa alirudi mikono mitupu, na maiti ingali ndani. Afande aliliona hilo kwa macho yake. Sufuria lake la kwanza, lile lenye kiraka ubavuni, alilinunua baada ya msiba huo, akalilipa kidogo kidogo kwa miezi. Ndilo hilo mnalotaka kulitia bei.

Niseme pia namna alivyopika, kwa sababu siku hizi naona mnaharakisha. Dagaa alifuata mwenyewe Kibirizi, mwaloni kwa wavuvi, na hakuchukua waliokaushwa chini. Alitaka wa kwenye vichanja, kwa kuwa mchanga hata uoshe mara ngapi utausikia menoni. Alijua kuwa siku za mbalamwezi wavuvi hupumzika, taa zao hazivuti dagaa, hivyo alinunua kabla. Mwaka 2024 ziwa lilipofungwa watu wasivue, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, magunia yake yalikuwa yameshakaa darini, na misiba ya miezi ile haikukosa kitoweo. Mawese aliyaacha yapate moto hadi wekundu ufifie na harufu ibadilike, ndipo vitunguu, ndipo nyanya, na dagaa mwisho, wakiwa wameshakaangwa vikavu pembeni. Unga wa muhogo hakuupokea kabla hajamuuliza muuzaji ule muhogo ulilowekwa siku ngapi. Muhogo mchungu una sumu, unataka siku tatu au nne majini, na akijibiwa kwa kusitasita aliondoka. Aliwahi kurudisha unga wa sadaka, tena wa mtu mkubwa, na hakuomba radhi. Mwiko wake lilikuwa kasia lililovunjika, akalichonga upya.

Mwaka 2015 baadhi yenu mlikuwa wadogo. Ndugu zetu wa Burundi walivuka kwa maelfu wakarundikana kijiji cha Kagunga, pale ufukweni chini ya milima, mahali ambapo njia ya kuja mjini ni ya majini. Meli ya Liemba ikawa inakwenda na kurudi, inawashusha hapa Kigoma, wanapelekwa uwanja wa Lake Tanganyika, kisha mabasi yanawachukua hadi kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Mwezi wa Mei kipindupindu kikaingia. Watu walikuwa wanaogopa hata kupita karibu na uwanja, nami niliogopa, sitaki kuwaficha. Afande alikwenda kuomba ruhusa kwa waliokuwa wakisimamia, akaambiwa anawe mikono kwa maji ya dawa na atumie maji yaliyochemka tu. Akarudi kuyabeba masufuria, akanipitia mlangoni. Sikuweza kumwambia siji.

Tulipika uji tangu usiku. Wahudumu wa afya walimfundisha maji ya mgonjwa: lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chumvi, visawazishwe visizidi. Yeye aliyepima kila kitu kwa jicho maisha yake yote, hayo aliyapima kwa kijiko, na akanizuia nilipotaka kuongeza sukari kwa kumhurumia mtoto mmoja. Aliwasemesha kwa Kiha nao wakamjibu kwa Kirundi, wakaelewana, maana lugha hizo ni ndugu. Nakumbuka mama mmoja alikataa kula mpaka mumewe apatikane. Afande aliketi naye chini, bakuli mkononi, hakumhimiza. Uji ulipopoa akaenda kuubadilisha na wa moto. Alifanya hivyo mara tatu.

Hakuna aliyemlipa, na hakuna aliyelipia sufuria.

Sasa sikilizeni utaratibu wake, kwa sababu mtu amenijibu kwamba masufuria yasiyokodishwa yatachakaa bila matengenezo. Ni kweli yanachakaa. Afande alitenganisha mambo mawili. Harusi na sherehe zilitoa kuni, sabuni ya kuoshea na kitu kidogo cha fundi wa kuziba matundu. Msiba, ugonjwa na maafa havikutoa chochote, awe tajiri awe maskini, ili maskini asionekane kuwa ndiye anayesaidiwa. Ndani ya daftari aliandika jina la aliyechukua, idadi ya vyombo, na siku vilivyorudi. Hamna safu ya fedha upande wa misiba. Nimelipekua kurasa zote.

Kwa hiyo fedha za harusi chukueni, mkitaka ongezeni, na vigae vitapatikana humo taratibu. Fulana chache zinatosha. Lakini chagueni watu wawili wa kushika ufunguo wa stoo, mmoja mwanamke, tena wanaokaa karibu, kwa kuwa kifo hubisha hodi hata saa nane usiku na mfiwa hawezi kuzunguka mjini akitafuta funguo. Na vijana wa kiume, msiwaachie dada zenu kusonga. Ugali wa sufuria kubwa unataka mabega, na Afande hakuona haya kusimama mekoni kati ya wanawake.

Daftari liko kwangu, nimeliweka pamoja na lile kasia. Ijumaa baada ya sala kuna hitma nyumba ya tatu kutoka kisimani, na aliyefiwa ni mjane aliyebaki na watoto wadogo. Nahitaji wanne wa kubeba, wawili wa kusonga. Njooni alfajiri, kuni zimeshapasuliwa.

Bibi yenu,
Ujiji